Mgonjwa wa kitandani mto unapojaa: namna ya kupanga uuguzi wa nyumbani kabla ya maafa

Mipango mingi ya maafa huanza na orodha ya hatari. Mafuriko ukurasa wa kwanza, moto wa pili, kipindupindu wa tatu, vurugu za uchaguzi wa nne, mgomo wa wahudumu mwisho. Hospitali yenye idara zake, jenereta na mlinzi getini inaweza kupanga hivyo na ikafaulu. Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani kule Kochogo au Nyalenda, hapa Kisumu, hapangiki hivyo. Kwake yeye stima ikipotea imepotea, iwe nguzo imeangushwa na maji ya mto Nyando au gridi ya taifa imeanguka kama ilivyoanguka Agosti 2023 ikaacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Mashine ya oksijeni imezimika, na tangu hapo kinachohesabiwa ni dakika.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mpango wa uuguzi wa nyumbani uanze na mgonjwa mwenyewe: huyu mtu anaweza kukaa muda gani bila kile anachokitegemea? Jibu hilo likiandikwa kwa kila mgonjwa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Lisipoandikwa, faili nene kiasi gani halitamfaa muuguzi aliyesimama kando ya barabara ya Ahero, maji yamekata njia mbele yake na simu hazikomi kulia.

Kazi yenyewe huku kwetu ina mikono mingi. Kuna muuguzi wa kulipwa anayezuru nyumba kwa nyumba, kuna wa zahanati anayepita jioni akitoka kazini, kuna wahudumu wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu, wanaowafuata wagonjwa wa saratani, na kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, wale karibu 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 wakiwa na mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Lakini saa nyingi za siku mgonjwa yuko na binti yake, mkaza mwana, au mjukuu aliyemaliza shule anasubiri kujiunga na chuo. Mpango wowote ambao huyo wa mwisho hawezi kuusoma na kuufuata peke yake saa nane za usiku haujakamilika.

Vitu vitano vinavyokatika

Ukiyachambua maafa yaliyopita ukanda huu, utaona kila janga lilikata kitu kimoja au zaidi kati ya vitano: stima, njia, dawa na vifaa, mtu anayeuguza, na nyumba yenyewe. Mgomo wa wauguzi wa 2017, ulioanza Juni ukaisha Novemba, haukuangusha ukuta wowote. Ulikata mtu, na kwa wengi ukakata dawa pia, kwa sababu vituo vya umma walikozoea kuzichukua vilikwama. Kafyu ya korona ya 2020 ilikata njia usiku. Mapema 2008, vurugu za baada ya uchaguzi ziliwapokonya watu wengi wa Kisumu, Nakuru na Naivasha vyote vitano kwa mpigo, na kati ya waliokimbia walikuwamo wenye kifua kikuu na wenye virusi vya UKIMWI walioziacha dawa zao nyumbani. Bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, nyumba zilikwenda kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiria lingine lolote.

Faida ya kutazama mambo hivi ni kwamba huhitaji mpango wa mafuriko, mpango wa mgomo na mpango wa kafyu. Unahitaji mistari mitano kwa kila mgonjwa. Stima ikikatika, tutafanya nini na kwa saa ngapi? Njia ikifunga? Dawa zikikosekana? Mimi muuguzi nisipofika? Nyumba isipokalika? Mstari usiomhusu unaachwa wazi. Mzee mwenye kiharusi asiyetumia mashine yoyote hana neno kwenye mstari wa stima, lakini mstari wa mtu kwake ndio mzito kuliko yote, maana asipopata wa kumgeuza, ngozi ya makalio na visigino itaanza kuoza.

Wa saa

Wagonjwa wa saa, yaani wasioweza kukaa zaidi ya saa chache bila wanachokitegemea, ni wachache katika orodha ya muuguzi yeyote, na hao ndio wanaostahili hesabu ya kalamu. Ni wale wanaopumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, au wanaohitaji kufyonzwa makohozi mara kwa mara.

Mashine ya kawaida ya kutengeneza oksijeni, ile ya lita tano kwa dakika, hula wati 300 hadi 350 hivi. Familia nyingi zinaamini sola ya nyumbani itaibeba. Hesabu inakataa. Betri ya gari ya volti 12 iliyoandikwa 100Ah, ikiwa mpya na imejaa, ina wati-saa 1,200, na betri ya asidi haifai kukamuliwa zaidi ya nusu. Zinabaki 600. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe mashine, nayo inakula sehemu yake, na mashine inazimika kabla ya saa mbili kutimia. Sola ya kuwasha taa tatu na kuchaji simu haifiki hata karibu na hapo. Familia inafaa kuambiwa ukweli huu mapema, kabla haijaweka matumaini yake, na wakati mwingine akiba yake, mahali pasipoweza kumshikilia mgonjwa.

Akiba ya kweli ni mtungi, na mtungi una hesabu ambayo kila mlezi anaweza kufundishwa. Chukua ujazo wa mtungi kwa lita, uzidishe kwa namba inayosomwa na geji kwa vipimo vya baa, kisha ugawanye kwa lita anazovuta mgonjwa kila dakika. Mtungi wa ujazo wa lita 10, geji ikisoma 150, una lita 1,500 hivi za oksijeni. Anayevuta lita mbili kwa dakika atakaa nao dakika 750, yaani saa kumi na mbili na nusu. Akipanda hadi lita nne, ni saa sita na robo. Punguza kidogo kwa tahadhari, kwa sababu mtungi hautumiki hadi tone la mwisho na mgonjwa mwenye hofu huvuta zaidi. Namba inayobaki ndiyo mpango wake wote: kama njia ya kwenda hospitali ikifunga hubaki imefungwa muda mrefu kuliko saa hizo, huyu hasubiri maji yafike. Anahamishwa tahadhari ya mvua inapotolewa.

Kuna hatari nyingine inayokuja pamoja na giza, nayo ni koroboi na mishumaa. Chumba chenye oksijeni inayotiririka hakifai kuwa na moto wa aina yoyote, wala jiko la makaa la kumpasha mgonjwa joto. Tochi ya betri iwekwe kando ya kitanda tangu siku ya kwanza, na isihamishwe kwenda jikoni.

Wa siku

Hili ndilo kundi linalonitia wasiwasi zaidi. Wa saa hushtua kila mtu, kwa hiyo hupata gari. Wa siku huonekana wazima siku ya kwanza, wakawapisha wengine, na siku ya tatu wanapozidiwa hakuna tena gari wala njia.

Mwenye kisukari anayetegemea insulini kabisa anaweza kuingia katika hali ya hatari ndani ya siku moja au mbili akiikosa. Wengi huikosa ikiwa mkononi mwao: friji imezimika, wameambiwa insulini ni ya kuhifadhiwa kwenye baridi, basi wanaitupa au wanaacha kudunga. Ni kweli chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Lakini iliyo katika matumizi huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki nne hivi, kulingana na maelezo ya aina yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichukua vipimo vya joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo: insulini iliyopitishwa kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Dadaab ina joto kali kuliko Kisumu. Kwa hiyo chupa iliyotoka kwenye friji iliyozimika, mradi haikuachwa juani wala haijabadilika rangi au kuganda mabonge, ni afadhali mara nyingi kuliko kukosa kabisa.

Chungu cha udongo husaidia kuipoza: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, chupa ikiwa kwenye kopo kavu ndani ya kile kidogo, kitambaa chenye unyevu juu. Mvuke unapotoka, joto hushuka. Msimu wa masika hewa ya ziwani huwa imejaa unyevu, kwa hiyo chungu hakitapoza kama kinavyopoza mwezi wa Januari, lakini kitaiepusha na joto la bati. Barafu isiiguse kabisa. Insulini ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka.

Jambo linalosahaulika ni chakula. Kwenye shule inayohifadhi waathiriwa, uji unaweza kuja saa tano badala ya saa moja. Aliyekwisha kudunga sindano asubuhi ataanguka kwa sababu sukari mwilini imeshuka akiwa katikati ya watu mia mbili, na wote watadhani ni njaa au usingizi. Mfuko wake uwe na sukari au glukosi, na aliye karibu naye ajue kwa nini imo.

Wa figo ana mwendo wake. Anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, anayesafiri kutoka Nyakach au Muhoroni hadi Kisumu mjini, njia ikikatwa Jumanne amepoteza zamu ya Jumatano, na maji pamoja na potasiamu vinaanza kujikusanya mwilini. Mpango wake una sehemu mbili. Kwanza, kitengo cha figo kiulizwe wakati wa kiangazi, mapema, kama kinaweza kumpokea siku moja kabla ya zamu yake tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa, na ni kituo kipi kingine kinaweza kumpokea akikwama upande wa pili wa mto. Pili, awe na karatasi kutoka kitengo hicho inayosema anywe maji kiasi gani na asile nini akikosa zamu. Ndizi, maharagwe, viazi, parachichi na mboga za majani ni vyakula vizuri kwa watu wengi, na ndivyo vinavyogawiwa au kupatikana kwa urahisi wakati wa shida, lakini vina potasiamu nyingi, na kwa moyo wake vinaweza kuwa sumu. Asiyejua hili atamlisha kwa upendo hadi apoteze fahamu.

Wengine wa kundi hili niwataje kwa ufupi. Mwenye kifafa hafai kuacha tembe ghafla, na mgonjwa wa saratani aliye kwenye mofini, dawa ya maumivu makali, hafai kuachwa na chupa inayoishia Ijumaa. Mwenye mpira wa mkojo anahitaji mtu aliyefundishwa kutambua umeziba, kwa sababu maumivu yake hayangoji asubuhi. Na watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao ukanda wa ziwa na magharibi una wengi, huingia kwenye maumivu makali wakipigwa na baridi na wakikosa maji mwilini. Blanketi kavu na maji safi ya kunywa kwao ni sehemu ya tiba.

Wa wiki ni wale wa presha, wa vidonda vinavyopona vizuri, wa mazoezi ya viungo. Wengi wa walio kwenye dawa za kupunguza makali ya virusi na wametulia hupewa za miezi mitatu au sita kwa pamoja, kwa hiyo kwao shida kubwa ni dawa kulowa au kubebwa na maji. Mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza, uning'inizwe juu kwenye mbao za paa, unamaliza shida hiyo.

Mto, ziwa na ukingo

Mpango wa muda wa mgonjwa hauna maana bila kujua muda wa maji, na hapa Kisumu hutuchanganya kwa sababu ina mafuriko ya namna mbili.

Nyando hukusanya maji kutoka milima ya Nandi na nyanda za juu za Kericho upande wa Londiani, ukapita Fort Ternan na Muhoroni ndipo ukafika Ahero na tambarare za Kano. Jua linaweza kuwaka Ahero mchana kutwa, na usiku maji yakaingia nyumbani kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali huko juu. Kuanzia habari za mvua hiyo hadi maji kufika una saa kadhaa tu. Udongo mweusi wa Kano ukishalowa, bodaboda haipiti hata pale ambapo maji hayajafika. Yaani njia hukatika kabla ya nyumba kuingia maji, na kwa mgonjwa wa kubebwa hilo ndilo la kuandika kwa herufi kubwa.

Ziwa huja polepole. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuipita rekodi ya mwaka 1964, na maji yalipoingia kwenye nyumba za ufukoni yalikaa miezi. Hapo hakuna haja ya kumhamisha mtu usiku wa manane. Kuna haja ya kukubali kwamba hatarudi nyumbani karibuni, na kumtafutia makao ya kudumu zaidi, kituo kipya cha kuchukua dawa, na muuguzi wa upande huo.

Budalang'i, kaunti ya Busia, ina yake ya tatu. Kingo za udongo za mto Nzoia zikishikilia, watu hulala. Zikipasuka, maji hufika yote kwa pamoja. Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, ilionyesha kwamba hata pasipo mto mkubwa maji yaliyozuiliwa mahali yakifunguka huua makumi ya watu wakiwa usingizini. Kwa maeneo kama hayo mgonjwa asiyeweza kutembea inafaa alale kwingine msimu wote wa mvua nyingi, Machi hadi Mei, kama kuna ndugu aliye mwinukoni. Ni uamuzi mgumu. Wazee hukataa kuacha boma, na sijui muuguzi yeyote mwenye haki ya kuwalazimisha. Lakini mazungumzo hayo yafanyike Januari, wakati kila mtu ametulia, mzee mwenyewe akiwapo na kusikilizwa.

Sasa unganisha muda wa mgonjwa na muda wa maji. Wa saa huondoka Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa nyanda za juu, hata kama mwishowe haitanyesha. Wa siku huondoka mtu wa Muhoroni au Fort Ternan akipiga simu kusema mto umejaa na umebadilika rangi. Kila familia iwe na mtu wake huko, jina na nambari vikiwa ukutani. Wa wiki huondoka na majirani. Kuna nyakati wa saa atahamishwa bure mara mbili au tatu kwa msimu, na familia italalamika kuhusu nauli. Waambiwe tangu mwanzo kwamba safari za bure ni sehemu ya mpango, na muuguzi asilaumiwe kwa ajili yake.

Orodha na siri

Chifu, mzee wa kijiji na vijana wa Msalaba Mwekundu hawawezi kumbeba mtu wasiyejua yuko wapi. Muuguzi anazo nyumba zote kichwani. Hapo ndipo unapoibuka mvutano wa kweli, kwa sababu orodha ya wagonjwa ni orodha ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya kati ya zile nyeti, na hata bila sheria, kijiji kikijua nani ana virusi au nani ana saratani ya mlango wa kizazi, madhara yake hudumu kuliko mafuriko.

Ufumbuzi ninaouamini ni orodha mbili. Ya kwanza, yenye magonjwa na dawa, hubaki kwa muuguzi na kwenye mkebe wa mgonjwa. Ya pili, anayopewa mzee wa kijiji kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, ina nyumba, jina, na mahitaji ya kubebwa tu: anahitaji watu wanne, anahitaji stima, hawezi kuketi, anaweza kutembea akishikwa mkono. Anayebeba hahitaji zaidi ya hayo. Asiyetaka kuwa kwenye orodha ya pili aheshimiwe, na familia yake iandike ni ndugu au jirani yupi atakayekuja.

Karatasi ndani ya mkebe iwe na dawa na dozi zake, mzio, hospitali na kliniki anayohudhuria, namba ya kadi, uzito wake baada ya kusafishwa damu kama ni wa figo, na kiwango cha oksijeni kama ni wa kupumua. Iandikwe kwa mkono unaosomeka. Simu huisha chaji na nguzo za mtandao huanguka. Muuguzi wa zamu katika hospitali ya rufaa asiyemjua mgonjwa ataisoma karatasi hiyo na kuanza kazi mara moja.

Muuguzi naye ana nyumba

Mipango mingi humchukulia mhudumu kama mtu asiyepatwa na maafa. Muuguzi wa Nyamasaria au Manyatta ana watoto, ana sakafu inayoingia maji, na huenda siku hiyo hatatoka. Hilo liandikwe wazi, bila aibu. Wauguzi wawili wanaofanya kazi pande mbili za mto wanaweza kubadilishana orodha kwa ridhaa ya wagonjwa, kila mmoja akiwajua wa mwenzake vya kutosha kuwapokea wiki moja.

La muhimu zaidi ni makubaliano ya kimya cha simu. Mlezi aambiwe: nisipofika na nisipopatikana kufikia saa nne asubuhi, usiningoje. Halafu inafuata hatua iliyokubaliwa kwa mgonjwa huyo hasa. Kwa mmoja ni kubadilisha bendeji kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, alivyofundishwa. Kwa mwingine ni kumpigia yule muuguzi wa pili. Kwa wa oksijeni ni kupiga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu, na kuanza safari. Nimeona familia zikimngoja muuguzi kwa heshima tu, zikiogopa kuonekana zimemruka. Ruhusa ya kutomngoja lazima itoke kinywani mwake mwenyewe, na irudiwe kila ziara.

Makubaliano yajaribiwe wakati wa kiangazi. Zima stima mchana mmoja na umtazame mlezi akifungua mtungi. Mwite mwenye bodaboda au tuktuk aliyeahidi na uone kama kiti cha magurudumu kinapakiwa. Wabebaji wanne wamtoe mzee mlangoni na godoro lake. Mara nyingi ni hapo inapogunduliwa kwamba mlango ni mwembamba, au kwamba spana ya mtungi haijulikani iliko.

Nchi nyingine zimefika hapa kwa uchungu. Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha 2005, ambapo karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi, hatimaye ilitunga kanuni ya 2016 inayozitaka huduma za uuguzi wa nyumbani zinazolipwa na bima za serikali kuu kuwa na mpango wa dharura wa kila mgonjwa mmoja mmoja, uliofungwa pamoja na tathmini yake ya afya. Japani nayo, tangu Aprili 2024, inazilazimu huduma za uuguzi wa kuzuru nyumba zilizo chini ya bima ya utunzaji kuwa na mpango wa kuendeleza kazi wakati wa maafa. Hapa Kenya, Katiba ya 2010 iliweka huduma za afya za kaunti na usimamizi wa maafa mikononi mwa serikali ileile ya kaunti. Kamati ya maafa ya wodi na afisa wa afya ya jamii wako chini ya gavana mmoja, kwa hiyo hakuna sheria mpya inayohitajika ili madarasa mawili ya shule inayohifadhi waathiriwa yatengwe mapema kwa wagonjwa, yaliyo karibu na choo na yenye soketi inayofanya kazi. Inahitajika barua moja na mtu wa kuifuatilia.

Baada ya maji

Kurudi nyumbani kuna hatari zake. Godoro lililolowa huonekana limekauka juu huku ndani lingali bichi, na mgonjwa wa kulala atapata vidonda na ukungu wa ngozi ndani ya siku chache. Dawa zilizoguswa na maji ya mafuriko zitupwe hata kama pakiti inaonekana sawa, isipokuwa zile zilizo ndani ya mkebe uliokaza. Mashine ya oksijeni iliyoingia maji isiwashwe kujaribu. Ipelekwe kwa fundi wa vifaa vya hospitali. Kidonda chochote kilichogusa maji hayo kioshwe kwa maji safi, na mgonjwa aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Visima na vyoo vya shimo vya Kano hukaa karibu, na mafuriko huvichanganya. Kwa wiki kadhaa maji ya mgonjwa yachemshwe au yatiwe dawa, pamoja na yale ya kusafishia mpira wa kulishia na ya kumsukutulia mdomo, ambayo watu huyasahau. Akianza kuhara, mchanganyiko wa lita moja ya maji hayo salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, uanze kutolewa wakati usafiri unatafutwa. Kwa wa figo na wa moyo, muuguzi aulizwe kwanza kiasi cha kumpa, na jibu lake liandikwe kwenye ile karatasi ya mkebe siku hiyohiyo, chini ya mistari mitano, pamoja na mabadiliko mengine yote ya dawa yaliyofanywa hospitalini alikohamishiwa.